Dirisha la Magharibi

Duka la kuchapa michoro lilijaa hadi mlangoni, mashine zikinguruma, wino ukinuka. Mchoraji wa majengo, binti mwenye gauni la kitani na penseli iliyochomekwa nyweleni, alinyakua bomba lake la karatasi akatoka. Sauti ikamkimbilia barabarani.

"Dada! Umeondoka na hospitali yangu!"

Alikuwa kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa, kashika bomba linalofanana na lake.

"Mbona nyepesi hivi, kaka?"

"Bado sijalaza wagonjwa."

Binti akacheka, naye kijana akapata namba yake ya simu.

Ikatokea ofisi ya binti ikapewa kazi ya kuchora wodi mpya ya hospitali ile ile. Yeye alichora jengo kwenye kompyuta, kila ukuta na kila dirisha. Kijana, ambaye ofisini walimwita Bwana Joto, aliuhamisha mchoro kwenye programu yake, akaupigisha jua la mwaka mzima kabla tofali la kwanza halijawekwa, aone ni chumba kipi kitakachowachemsha watu.

"Mpenzi, nikutegee?" alimpigia siku moja.

"Haya, tega."

"Kina kuta, kina dari, kina mlango, lakini hakina ndani."

"Umenishinda."

"Nipe mji."

"Chukua wowote, mradi nami niwemo."

"Ni stoo yako, mama! Ukuta haujaigusa dari, umepungua unene wa kidole. Programu yangu haioni chumba hapo, inaona uwanja. Inakiruka wala haisemi."

Walicheka hadi machozi. Kosa la kijana ni kwamba kesho yake alikirudia kitendawili hicho kikaoni, mbele ya bosi wa binti. Watu wakaangua kicheko.

"Umenianika kama nguo ya ndani!" binti alimwambia kwenye ngazi. "Usinipigie tena."

Siku ya kukabidhi hesabu za joto, Bwana Joto akaona chumba cha mwisho upande wa magharibi kina mwanya ule ule. Akapiga simu. Binti alitazama jina, akailaza simu kifudifudi. Ikalia tena, akaifunika na mto.

Kijana angeweza kumpigia bosi. Hakutaka kumwaibisha mpenzi wake mara ya pili. Akauziba mwanya mwenyewe kwa haraka, akachora ukuta mzima upande ule kwenye programu yake, dirisha likafunikwa humo humo. Nitalirudisha akipokea, alijiambia. Programu ikasema chumba ni baridi. Wenye hospitali wakasoma hesabu, wakafuta kivuli cha zege cha kukinga jua, ambacho binti alikichora juu ya dirisha lile. Cha nini, na chumba ni baridi?

Walipatana baadaye, kwa maua na kwa kubembelezana, na raha ya kupatana ikamsahaulisha kijana ule ukuta. Wodi ikajengwa. Msimu wa joto ulipofika, mama yake kijana akalazwa, moyo umechoka. Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa cha chumba cha mwisho.

Binti alimpelekea uji mchana mmoja. Jua lilikuwa limelala kitandani pamoja na mgonjwa. Khanga aliyomtundikia dirishani haikufua dafu.

"Mkwe wangu," mama alisema, midomo imekauka, "nani kanichorea tanuri hili?"

"Mimi, mama."

"Basi nawe pole."

Walimhamishia chumba kingine jioni. Kulipokucha alikuwa ameshafariki. Daktari alisema ni moyo, na joto halikuusaidia.

Baada ya mazishi kijana alimweleza binti yote: mwanya, ukuta, dirisha. Pete ilikuwa mfukoni mwake, hakuitoa.

"Niliogopa kukuaibisha."

"Nami niliiona simu," binti alisema. "Niliiona ikilia, nikaifunika na mto."

Binti akasimama, akajipangusa uso.

"Leo kuna mtu mwingine kwenye kitanda kile. Twende."

"Tutafukuzwa kazi."

"Twende, nimesema."

Wakaenda kwa mganga mkuu wa hospitali, wakasema bila kuficha. Chumba kilifungwa siku ile ile, na kivuli kikajengwa kwa mshahara wao wa mwisho. Kijana alihamia mji wa mbali, mahali pekee alipopata kazi. Harusi haikuwepo.

Jioni moja simu ya binti ikalia. Aliipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Nikutegee?" sauti ilisema, nyembamba.

"Usitege," alijibu. "Sema tu. Nakusikia."