Pakeji ya Elfu Moja Mia Tatu na Saba

Jumatano, saa mbili asubuhi, vifaranga elfu mbili wa mzee Kashinje walikutwa wamekufa ndani ya lori, kwenye foleni ya Tunduma, mpakani na Zambia. Jumanne asubuhi lori hilo lilikuwa la nne kwenye foleni ya kuvuka. Mchana mfumo wa kompyuta wa chama cha mawakala wa forodha, unaopanga foleni, ukalirusha hadi la sitini na moja.

Saa nne na nusu Inspekta Atupele alikuwa ofisini kwa chama, na Kashinje amesimama mlangoni. Mfumo ulitengenezwa na watu wawili, Priska na Venance.

"Mfumo una pakeji ngapi?" aliuliza Atupele. Alimaanisha vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine.

"Elfu moja mia tatu na saba, afande," alijibu Priska. "Tunazohitaji ni kumi na moja. Venance anaongeza tu, hata ya kuweka mkato kwenye namba."

"Zinarahisisha kazi," alisema Venance.

"Nani anazisoma?"

Venance akatupia jicho laptopu yake. "Saa tatu na nusu hii, afande. Tutazimaliza lini?"

Atupele alitazama saa ya ukutani, akaandika kitu.

"Hatuzisomi. Tunazifuta," alisema Atupele.

Walifanyia kazi nakala ya mfumo. Kila fungu likifutwa, waliipanga upya foleni ya Jumanne. Mamia yaliondoka na hakuna kilichobadilika. Saa saba na nusu ikafutwa moja iitwayo panga-tarehe. Lori la Kashinje likarudi la nne, na malori matatu ya tajiri mmoja yakashuka.

Kumbukumbu ya mfumo ilisema: imeingizwa na Priska, Jumanne, saa tano na dakika ishirini.

"Kumbe ni wewe, binti!" alifoka Kashinje.

Priska aliogopa hasa. Hapo aliona kazi imekwenda, na jela inamsubiri. "Mzee, sikuigusa."

"Saa tano ya wapi?" aliuliza Atupele.

Priska alisogeza skrini hadi palipoandikwa saa za nchi. "Ya Zambia."

Laptopu ya Priska ilikwenda sawa na saa ya ukutani. Ya Venance ilikuwa nyuma kwa saa moja.

"Natumia intaneti ya laini ya Nakonde, Zambia," alisema Venance taratibu. "Inafuata saa ya huko."

"Na malori matatu?"

"Ya shemeji yangu. Nilijua kwenye lundo lile hakuna atakayeiona."

"Kwa nini jina la Priska?"

"Ndiye aliyetaka zifutwe. Akiondoka yeye, zinabaki."

Venance alipofungwa pingu, Kashinje alimgeukia Priska. "Nisamehe, binti yangu. Lakini ulijua zimezidi?"

"Nilijua, mzee. Niliandikia chama barua mbili, nikachoka."

Kashinje alitikisa kichwa, akatoka kwenda kushusha maboksi ya vifaranga.