Bakuli la Chai Lililojaa

Mtaani kwao Ergash, pale katika mji wa Margilan, watu hawakuhitaji saa. Asubuhi Ergash akibandika mikate ndani ya tanuri, mkewe Mahfuza alikuwa ameshakaa kwenye mtambo wake anafuma hariri. Kapa-kapa! Kapa-kapa! Mtambo ukilia, mtaa unaamka. Ukinyamaza, ni saa ya chai.

Mmiminaji wa chai alikuwa Mahfuza, na alimimina kwa mbwembwe. Kwao chai hunywewa kwa bakuli dogo, na mgeni anayependwa humiminiwa kidogo tu. Bakuli halifiki hata nusu, ili aombe tena na tena, na maongezi yaendelee. Mgeni aliyewachosha wenyeji hujaziwa mpaka ukingoni. Maana yake: kunywa, vaa viatu, tuonane siku nyingine.

Siku moja Ergash aliitia kasoro pilau ya mkewe mbele ya wageni. Mahfuza alichukua birika, akamjazia mumewe bakuli mpaka likataka kumwagika. Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Ergash akanywa, akavaa viatu, akaenda kweli kukaa kwenye tanuri lake.

Basi, majani ya mforosadi yalipoanza kudondoka uani, mtambo ukanyamaza. Na chai haikuja.

Mwanzo Ergash alidhani ni uchovu. Wiki moja ikapita, ya pili ikapita. Mahfuza alishinda kitandani, lakini usingizi haukuja, si mchana, si usiku. Hakuoga. Hakuchana nywele. Akipewa mkate wa moto aliumega, akauweka chini. Ukimuuliza kitu, jibu lilichelewa kama barua.

"Jicho hilo," alisema Bi Hojar, mama yake Ergash. "Watu wameionea wivu hariri yake."

Akachoma majani makavu ya kufukuzia jicho, nyumba nzima ikajaa moshi. Bi Hojar akakohoa. Ergash akakohoa. Paka akahama.

"Mama, umefukuza paka. Jicho limebaki."

"Funga mdomo! Basi kama si jicho ni uvivu. Sisi tulikuwa tukijifungua leo, kesho tunachuma pamba."

Wiki ya tatu, Ergash alimpelekea mkewe supu. Mahfuza alikuwa ameelekea ukutani.

"Ergash," alisema polepole, "mimi ni mzigo kwenu. Mngepata raha kama nisingekuwepo."

Ergash alikuwa mtu wa mizaha. Alikuwa na mzaha wa kila jambo. Siku ile aliutafuta mzaha, hakuupata hata mmoja. Akaweka supu chini, akamwita mama yake aje akae na Mahfuza, akatoka mbio.

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa Zulhumor, muuguzi wa wodi ya magonjwa ya akili katika hospitali ya mkoa. Alikuwa anaanika nguo. Aliziacha kwenye beseni, akaja vile vile na mikono mibichi. Akakaa sakafuni karibu na Mahfuza, akamshika mkono.

"Mahfuza, mdogo wangu. Unafikiria kujiua?"

Ergash aliruka. "Dada Zulhumor! Maneno gani hayo? Utamtia wazo kichwani!"

"Ndiyo," alisema Mahfuza. "Kila siku."

Kisha akalia. Yalikuwa machozi yake ya kwanza tangu mtambo unyamaze.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema Zulhumor. "Hutabaki na jambo hili peke yako."

Mahfuza alipotulia kidogo, Bi Hojar alibaki naye. Zulhumor akamvuta Ergash mpaka mlangoni, mahali ambapo bado waliweza kumwona.

"Sikiliza, kaka. Kumuuliza mtu hivyo hakumtii wazo. Wazo analo tayari. Ukimuuliza, unampa nafasi ya kulitoa. Mkeo anaumwa. Ugonjwa wake unaitwa sonona."

"Si jicho?"

"Si jicho, si jini, si uvivu. Ni ugonjwa kama ulivyo ugonjwa wa sukari. Unakula usingizi wa mtu, unakula hamu ya chakula, unakula furaha. Halafu unamdanganya kwamba hafai. Wengi hutibiwa huku wanalala kwao. Lakini mtu asiyekula, asiyelala, na anayetaka kufa, huyo hulazwa. Tena leo, si kesho. Na mpaka tufike hospitali, asiachwe peke yake hata kidogo."

"Unampeleka kwa vichaa?" Bi Hojar aliuliza kutoka ndani.

"Nampeleka kwa wagonjwa, Mama. Nimefanya kazi kule miaka kumi na tisa. Umeniona nimemng'ata mtu?"

"Bado," alisema Bi Hojar.

Mchana ule ule Mahfuza alilazwa. Daktari aliongea naye muda mrefu, kisha akaongea na Ergash. Alieleza kwamba wodini Mahfuza atapata dawa, atapata mtu wa kuzungumza naye kila siku, atasaidiwa kula na kulala. Siku za kwanza muuguzi atakuwa anamtazama kila baada ya dakika chache. Vitu vya hatari vitawekwa mbali naye.

"Atakaa mpaka lini?" Ergash aliuliza.

"Mpaka awe salama. Pengine wiki sita, pengine zaidi. Hatumfungi, tunamtibu."

Nyumbani, Bi Hojar alikuwa na lake. "Mtu asijue. Kwenye harusi ya mpwa wako watatuchambua kama pamba. Sema ameenda milimani, kwenye ile nyumba ya mapumziko ya maji ya madini. Anatibiwa magoti."

Ergash akakubali. Uongo ule ulionekana mtamu. Kwao kila mtu mwenye heshima zake huenda kuoga maji ya madini.

Tatizo lilikuwa Bi Rohat wa nyumba ya pili.

"Magoti?" alisema. "Mbona hata mimi magoti! Niandikie anwani, nimfuate."

"Kumejaa," alisema Ergash haraka. "Kitanda hakuna."

"Basi niletee maji yao."

Kesho yake akaja na mitungi mitatu ya kioo, mitupu. Ergash aliitazama mitungi. Mitungi ikamtazama. Akaenda nyuma ya nyumba, akaijaza maji ya bomba, akatia chumvi ya jikoni, akakoroga. Baada ya siku nne Bi Rohat alipita barabarani anatembea kama askari wa gwaride.

"Goti limepona! Maji gani haya!"

Ergash alicheka peke yake mpaka mikate miwili ikaungua.

Siku ya kumi alikwenda kumwona mkewe. Alibeba mkate, zabibu kavu, mabakuli mawili na birika la chai lililofungwa vizuri ndani ya taulo. Alimkuta Mahfuza amekaa, amesuka nywele. Alikuwa amekula uji wote. Ergash alimsimulia habari ya goti la Bi Rohat, na Mahfuza akatabasamu. Kidogo tu, upande mmoja wa mdomo. Lakini alitabasamu.

"Amepona!" Ergash akasimama. "Dada Zulhumor, lete karatasi nisaini. Alhamisi kuna harusi. Akionekana pale, maneno yote yamekwisha."

Zulhumor alikuwa zamu siku hiyo. Akavuta kiti. "Kaa, kaka. Hajapona, ameanza. Dawa hizi hazifanyi kazi siku moja. Huchukua wiki mbili, nne, hata sita. Saa hizi mwili umepata nguvu kidogo, lakini lile giza la ndani bado halijatoka. Huu ndio wakati wa kumlinda zaidi."

"Lakini amecheka!"

"Mkate ukianza kuwa mwekundu juu, unautoa tanurini?"

"Nani? Mimi? Ndani si utakuwa unga mbichi?"

Zulhumor akamwonyesha Mahfuza kwa kidevu. Ergash alielewa. Lakini harusi haikumtoka kichwani.

"Siku moja tu," alisema. "Aonekane, ale pilau, arudi. Watu wataniuliza, dada. Nitawaambia nini?"

Mahfuza alikuwa anasikiliza. Hakuna aliyemuuliza yeye. Akanyoosha mkono, akachukua birika. Akaanza kummiminia mumewe chai. Ikafika nusu. Hakuacha. Ikapanda, ikapanda, mpaka ukingoni, ikamwagika kidogo kwenye trei. Akalisukuma bakuli kwa mikono miwili.

"Kunywa, mume wangu," alisema. "Nenda harusini. Mimi nabaki mpaka niive."

Ergash alilitazama lile bakuli. Mkewe alikuwa anamfukuza! Ule ulikuwa mchezo wa Mahfuza, Mahfuza wake mwenyewe, aliyempotea tangu majani yadondoke. Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Akainywa yote akiwa amesimama. Ulimi uliungua, hakujali.

"Nimefukuzwa," alimwambia Zulhumor mlangoni, kwa kiburi kabisa.

Alhamisi alikwenda harusini peke yake. Walimuuliza, akajibu magoti. Lakini uongo ule sasa haukuwa mtamu tena.

Jumamosi asubuhi watu walipanga foleni ya mkate. Bi Hojar alikuwa amekaa kwenye benchi anafunga mikate kwa kitambaa. Bi Rohat akafika na mitungi yake.

"Ergash, mwanangu, maji yamekwisha. Safari hii ulete zaidi. Nusu nampa mdogo wangu Inoyat."

"Naye magoti?"

"Ah, huyo hata sijui ni nini. Tangu msimu wa pamba haamki kitandani. Hali chakula. Jana kaniambia amechoka kuishi. Nikamwambia acha ujinga, kunywa maji haya, Mahfuza yanamponya."

Mkate ulimponyoka Ergash, ukaanguka ndani ya majivu. Watu wa foleni wakageuka.

"Bi Rohat," alisema, "maji yale ni ya bomba letu. Chumvi nimetia mimi."

"Unasemaje?"

"Mahfuza hayuko milimani. Yuko hospitali, wodi ya magonjwa ya akili. Anaumwa sonona. Alikuwa hali, halali, anataka kufa. Sasa anakula. Majuzi amenifukuza kwa bakuli la chai."

Ergash aliogopa kumtazama mama yake. Bi Hojar alijifunika uso kwa ushungi wake. Halafu akaufunua, akasimama, mikate mapajani ikatawanyika.

"Ndiyo," alisema. "Mkwe wangu anaumwa na anatibiwa. Nani ana neno?"

Watu wa foleni wakainama kuokota mikate.

Bi Rohat alivua kandambili, akamchapa nayo Ergash begani. Moja, mbili. "Mwongo mkubwa! Na goti langu je?"

"Goti lako sijui. Labda lilinionea huruma."

Bi Rohat aliinua mkono wa mara ya tatu, lakini hakupiga. Alishusha kandambili.

"Inoyat yuko peke yake saa hizi," alisema. "Yule Zulhumor yuko kwake?"

"Yuko kwake. Tangulia ukakae na mdogo wako, usimwache. Mimi namleta Zulhumor sasa hivi."

Bi Rohat alikimbia. Alisahau mitungi, alisahau na kandambili moja. Ergash akaliacha tanuri linawaka, akapiga hodi ukutani kwa jirani. Kabla ya adhuhuri Inoyat naye alikuwa mbele ya daktari.

Wiki ya saba Mahfuza alirudi nyumbani. Daktari alisema aendelee na dawa miezi mingi, hata akijisikia mzima, na asiziache bila kumuuliza. Alipangiwa siku za kurudi kliniki. Yeye na Ergash waliandika pamoja dalili za hatari: usingizi ukipotea, chakula kikimshinda, yale mawazo yakirudi. Wakiziona, hawangoji, wanamwita Zulhumor. Karatasi ile ilibandikwa jikoni, juu ya gunia la unga.

Ulinzi wa dawa aliuchukua Bi Hojar mwenyewe.

"Umemeza?"

"Nimemeza, Mama."

"Toa ulimi nione."

Siku mbaya hazikuisha zote. Kuna asubuhi Mahfuza alikaa mbele ya mtambo akautazama tu. Siku hizo Ergash hakumhimiza wala hakumtania. Alikaa karibu naye, unga umemjaa mikononi, wakatazama pamoja. Kisha ikaja siku mtambo ukalia. Kapa. Kimya. Kapa-kapa. Jirani mmoja akatoa kichwa dirishani, akauliza kama imekuwa saa ya kuamka.

Jioni ile Bi Rohat alikuja kuwasalimu. Alieleza habari za Inoyat wodini: ameanza kula, ameomba kitana. Akaeleza habari za goti. Akazirudia habari za goti. Mahfuza akachukua birika, akamjazia bakuli mpaka ukingoni.

"Ala!" Bi Rohat akacheka, akatafuta viatu. "Huyu sasa amepona!"

Alipotoka, Ergash akasogeza bakuli lake. Alikuwa ameshinda kwenye moto tangu asubuhi, koo limemkauka. Mahfuza akamimina. Ergash akachungulia ndani. Chai ilifunika kitako cha bakuli tu, hata mafunda mawili hayakufika.

"Kidogo hivi?"

"Kidogo hivi hivi," alisema Mahfuza, birika bado mkononi.

Ergash akainywa kwa mara moja, akarudisha bakuli aongezewe.