Mtu wa Kukaa na Mgonjwa

Kila jioni, baada ya kufua soksi na kuinjika chai, Pilipili alikuwa na kazi ya tatu: kumkasirikia mjomba wake. Mjomba, fundi cherehani, alimshonea sketi ya shule ya kumtosha yeye pamoja na mwalimu mkuu, akasema, "Utakua tu." Darasa zima liliangua kicheko. Tangu hapo Pilipili hakutaka hata kumsikia.

Kwa hiyo mama, dereva wa lori la masafa marefu, alipomtuma akamwite mjomba waende hospitali, aandikishwe kuwa mtu wa kuidhinisha matibabu ya watoto mama akiwa safarini, Pilipili alizunguka nyumba tu, akarudi. "Mjomba amesema hana nafasi." Mama alifura, akaapa hampigii simu, akaondoka na lori lake.

Siku iliyofuata mdogo wake Pilipili alianguka kutoka ukutani, mkono ukapinda mahali pasipo na kiwiko. Mjomba alisikia kilio, akatoka mbio kwenye kibanda chake cha kushonea hapo jirani, akambeba hadi hospitali, Pilipili akiwafuata nyuma.

Daktari alimpa mtoto dawa ya maumivu, akaufunga mkono kwa vibao. "Lazima apewe dawa ya usingizi tuunyooshe mfupa. Nani mzazi?"

"Mimi ni mjomba! Nimembadilisha nepi huyu!"

"Nepi hazihitaji idhini, mzee," alisema muuguzi. "Hujaandikishwa."

Wakampigia mama, simu ikawekwa sauti ya juu. Daktari akamweleza kwamba anaweza kuidhinisha kwa simu, mradi mtu mzima anayemwamini akae na mtoto. "Kaka yako yupo hapa."

"Huyo? Aliyekosa nafasi kwa wanangu? Simwamini! Nageuza lori, nitafika kesho."

"Nafasi gani?" mjomba alifoka. "Nani aliniita? Usinizushie mambo!"

"Kesho uvimbe utakuwa umezidi," daktari alionya, lakini ndugu wawili walikuwa wakigombana juu ya sauti yake. Kitandani, mtoto alilia akimwita mama.

Pilipili aliinyakua simu. "Mama, sikumwita mjomba. Nilidanganya."

"Rudia," mama alisema.

Akarudia, machozi yakimtoka.

"Shukuru niko mbali! Tutaonana." Mama akavuta pumzi. "Daktari, naidhinisha. Kaka, nisamehe. Kaa naye."

Mfupa ulinyooshwa salama. Walipokuwa wakimsubiri mtoto azinduke, Pilipili alimweleza mjomba habari ya sketi. Mjomba alikuwa bado amekunja uso.

"Ulinikasirikia? Sawa, ningeshonewa vile hata mimi ningekasirika. Ungekuja kunigombeza kibandani, tukamaliza. Lakini umedanganya, na uongo wako haukunipata mimi. Umempata yule pale, ambaye hakukukosea kitu. Ukiwa na hasira, iseme kwa mwenyewe. Usiitungie uongo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mjomba." Pilipili alifuta kamasi. "Shikamoo."

"Ndiyo kwanza unanisalimia leo?" Mjomba akamsogezea nafasi kwenye benchi. "Marahaba. Kaa, lakini usiniongeleshe. Bado nina hasira."