Vyumba Kumi na Kimoja

Nesi alimnusa shingoni mara mbili.

"Dada, si tulikwambia usijipake marashi?"

"Sijajipaka. Hata sabuni nimeogea isiyo na harufu," alijibu mgonjwa, fundi cherehani, akiwa amelala chali, miguu imepandishwa kwenye vishikio. "Tangu jana mume wangu ananifukuza kwenye kabati la losheni kama mwizi."

Nesi alicheka, lakini hakuacha kunusa. Katika kliniki ile ya kupandikiza mimba, marashi yalipigwa marufuku, kwa kuwa yai likishatolewa mwilini huweza kudhuriwa hata na harufu. Hata hivyo chumba kilinukia waridi, zito, tamu mpaka kooni.

"Labda ni dawa ya kudekia," alisema daktari. "Tuendelee."

Sindano ya usingizi ikaingia. Hakuhesabu hata tano.

Alipozinduka, mdomo ulikuwa mkavu na kiuno kilimuuma kama siku ya kwanza ya hedhi. Mumewe, mwalimu wa hisabati, alikuwa amemshika mkono.

"Mayai kumi na moja," daktari aliwaambia. "Mshukuruni Mungu. Kesho asubuhi maabara itawapigia kuwaambia ni mangapi yametunga."

Fundi alilia. Hili lilikuwa jaribio la tatu, na daktari alishawaambia kwamba la nne halitakuwepo.

Mchana walikuwa nyumbani. Shangazi yake fundi alikuwa jikoni akimkorogea uji. Alikuwa mkunga mstaafu, na watu walimjua kwa kutoa majini kama walivyomjua kwa kutoa watoto. Mwalimu aliketi kando ya kitanda na karatasi ya maelekezo, ambayo alikwisha kuisoma mara tatu.

"Tumbo linajaa," alisema mkewe.

"Kujaa ni kawaida. Kunywa maji."

"Natokwa na damu."

"Matone?"

"Matone."

"Kawaida, siku mbili hivi."

Fundi akaweka kiganja tumboni. "Mwalimu, kuna mtu anahamia humu ndani."

"Anahamia vipi?"

"Anapanga vitu."

Mwalimu alipitisha kidole kwenye mistari. "Kichefuchefu kipo. Maumivu yapo. Kuhamia hakupo." Alicheka peke yake. Ndipo akasikia: kitu kizito kikiburutwa juu ya sakafu, na sauti ilitoka chini ya shuka.

Kabla hajaikunja karatasi, mkewe aliinuka bila kuegemea mkono, akamkamata kifundo cha mkono na kukizungusha kama anayekamua nguo mbichi, mfupa ukalia ta!, akambamiza ukutani mara moja, mara mbili, mpaka picha yao ya harusi ikaanguka, na mwalimu aliponyakua simu yake kwa mkono mzima aipigie kliniki, alipokonywa, akaiona ikitafunwa mbele yake, kioo kikipasuka kati ya meno, damu na vipande vikimiminika kidevuni, huku sauti isiyo ya mkewe ikisema taratibu, kama mgeni anayesifia nyumba:

"Mmeacha vyumba kumi na kimoja vitupu, milango wazi. Nani asingeingia?"

Shangazi aliingia na mwiko mkononi. Hakupiga kelele. Alimrukia mpwa wake, wakaanguka pamoja, akambana vidole gumba viwili mpaka kucha zikawa nyeusi.

"Unataka nini?"

"Watoto. Wote."

"Hupati hata mmoja. Toka!"

Alitupwa juu ya cherehani, akachanika paji la uso, akarudi akitambaa, akavikamata tena vidole vile vile. "Toka, nasema!" Mwili wa fundi ulijipinda, ukatetemeka, ukaanza kulegea. Kisha mkono mmoja ukachomoka na kuokota mkasi wa kukatia vitambaa. Ncha ikakaa chini ya kitovu. Ikazama kidogo. Damu ikachuruzika, na haikuwa matone.

"Nitoke? Haya. Natoboa njia nitoke."

"Chukua yai moja!" mwalimu alipiga ukelele. "Moja tu! Tuachie kumi!"

"Mkwe, funga mdomo wako!"

Lakini jini lilikwisha kusikia. Lilimtazama mwalimu kwa macho ya mkewe, likatabasamu kwa meno yenye vioo.

"Moja. Nachagua mwenyewe."

Mkasi ukaanguka.

Walimfunga jeraha, kwa bahati ncha haikupita ngozi. Fundi hakukumbuka lolote. Aliambiwa kwamba alizimia akaangukia simu na mkasi, nao wakaumia wakimdaka.

"Lilikuwa limeshalegea," shangazi alimnong'oneza mwalimu, akijifuta damu usoni. "Ungenipa dakika mbili."

"Angekufa, shangazi."

"Haya. Hilo moja ulilotoa, muombe Mungu tusilione."

Saa tatu asubuhi simu ya fundi ililia. Aliweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Samahani sana, dada," alisema mtu wa maabara. "Kumi yamekufa usiku, na hatujui kwa nini. Limebaki moja. Limetunga vizuri sana, tena linakua kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Tukuandae tulirudishe tumboni?"

Mwalimu alinyoosha mkono aichukue simu. Ulikuwa ule uliovunjika, na haukufika. Mkewe alikwisha kugeukia ukutani, amelikumbatia tumbo lake, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Moja linanitosha," alisema. "Hata leo nakuja."