Upepo Mmoja, Pepo Watano

Lango la Hifadhi ya Kimbulu lilikuwa na masikio. Mgeni aliposimama mbele yake, nguzo zake mbili ziliinama kidogo na sauti tulivu ikauliza, "Karibu. Umekuja kufanya nini?" Akishajibu, lango liliwaamuru roboti wa msituni wamhudumie sawasawa na alivyosema. Ukisema umekuja kukimbia, njia inafagiliwa. Wengi walisema wamekuja kupunga upepo, basi wakaletewa kititembezi, yaani kiti chenye miguu inayotembea, kinachomfuata mtu nyumanyuma mpaka achoke.

Aliyelitengeneza lango hilo ni Mhandisi Mwanahawa Chaurembo. Baba yake alikuwa mwalimu wa sarufi, wa wale wanaosahihisha hata matangazo ya msiba, na binti aliurithi ugonjwa huo mzimamzima. Mashine nyingine za jiji zilizungumza Kiswahili cha ovyo. Lango lake lilijua ngeli zote, umoja na wingi, na alilionea fahari kuliko hata nyumba yake, ambako kusema kweli alikuwa haonekani.

Jumamosi hiyo alikuwa na hofu. Jiji lilikuwa limefika hadi kwenye uzio, magari-anga hayana pa kutua, na Kimbulu ndio msitu pekee uliobaki. Kila mgeni alivaa kipimaraha, bangili inayosoma mapigo ya moyo na kuonyesha mtu amepumzika kiasi gani, kuanzia sifuri hadi mia. Wastani wa Kimbulu ulikuwa kumi na tisa. Watu walikuja, wakakaa chini ya miti, wakaendelea kujibu simu. Sasa Kamati ya Ardhi inakuja, na sharti lilikuwa moja: bangili ya Mwenyekiti ikifika hamsini, msitu unabaki. Isipofika, matingatinga yanaingia Jumatatu.

Kamati ilifika saa nne asubuhi, watu watano, suti tano. Mbele alikuwa Mheshimiwa Nyagawa, Mwenyekiti, simu sikioni.

"Tumekuja kupunga upepo," aliliambia lango bila kuliangalia.

Lango lilifikiri. "Mmoja hupunga upepo," likasema. "Watano hupunga pepo. Tafadhalini ngojeni, vifaa vinakuja."

Kule chumba cha mitambo, Mwanahawa alishika kichwa. Kwa miaka miwili wageni wote walikuwa wakijiandikisha mmojammoja. Hakuna aliyewahi kusema "tumekuja." Na wingi wa upepo kweli ni pepo, baba yake angelipatia lango alama zote. Balaa ni kwamba kupunga pepo ni kuwatoa watu mashetani.

"Nani mwenye kiti?" lango likauliza, maana kwa waganga, mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti.

"Mwenyekiti ni mimi," alisema Nyagawa, akidhani anaulizwa cheo.

Basi, kwisha habari. Mwanahawa alirukia swichi, lakini lango lilikuwa limejifunga, kwa sababu shughuli ya namna hiyo ikishaanza haikatizwi. Roboti wafagizi walipindua mapipa ya taka wakaanza kupiga ngoma. Mashine ya kufukuza mbu ikafukiza majani ya mwarobaini. Roboti wa mgahawa akaja na kitambaa cheupe cha meza, akamfunika Mheshimiwa kichwani, na kumnyang'anya simu kwa adabu, kwani mgonjwa hapungwi huku anaongea na watu wengine. Wajumbe wanne walirudi nyuma hadi kwenye gari lao na kufunga vioo.

"Wewe nani?" lango likauliza.

"Mwenyekiti wa Kamati ya Ardhi, nimeshasema."

"Hicho ni kiti. Nakuuliza wewe uliye ndani. Unataka nini?"

"Nataka kumuona meneja."

Ngoma zikaongezwa. "Unataka nini?"

"Nitaufunga huu msitu leo hii."

"Unataka nini?" lango likauliza mara ya tatu, kwa upole uleule.

Mwanahawa aliyaona mabega ya Mheshimiwa kwenye kioo cha kamera, yanashuka polepole.

"Kulala," Nyagawa alisema, na sauti yake haikuwa ya mkutanoni. "Nataka kulala, jamani. Tangu mke wangu afariki sijalala. Hakuna anayeniuliza. Wananiomba saini tu."

Ngoma zikakoma palepale. Pepo akishataja haja yake hupewa. Roboti wakamtandikia mkeka, na Mheshimiwa akalala akakoroma hadi adhuhuri. Bangili ilisoma tisini na mbili.

Alipoamka alitia saini yake bila kukaa: msitu ubaki. Kisha akamwita Mwanahawa kando.

"Ile hitilafu ya lango lako, mama."

"Nitairekebisha leo hii, Mheshimiwa. Naomba radhi sana."

"Ukiigusa tu, natengua saini. Na Alhamisi nakuja na baraza zima."

Walipoondoka, Mwanahawa aliangalia kifundo cha mkono wake. Alikuwa amevaa kipimaraha cha majaribio tangu siku ya kwanza na hajawahi kukisoma. Kilionyesha nne. Akatoka, akazunguka, akaja kusimama mbele ya lango lake mwenyewe.

"Karibu," lilisema. "Umekuja kufanya nini?"

"Kupunga upepo."

"Mgeni mmoja, upepo mmoja. Kititembezi kinakuja."

"Hapana," alisema Mwanahawa. "Andika wawili."

Lango lilitazama kulia na kushoto kwake. "Wa pili simuoni."

"Utamuona," alisema, akaizima simu yake. "We leta ngoma."