Macho Yaliyongoja Sauti

"Vua hiyo! Vua sasa hivi!"

Foleni yote mbele ya duka la simu iligeuka. Muuguzi wa kliniki ya macho, bado yumo ndani ya sare yake ya samawati, alimnyang'anya kijana mrefu miwani ya karatasi aliyokuwa akiijaribu, akawasha tochi ya simu nyuma yake. Mwanga ukapenya kama kwenye neti.

"Umeona? Miwani halali ya kutazamia kupatwa kwa jua haipitishi tochi. Hii ni ya kuchezea watoto."

"Nimenunua kumi na mbili."

"Basi umenunua takataka kumi na mbili."

Kijana alicheka. Shati lake jeusi lilikunjwa mikono, kamera mbili zilining'inia kifuani. "Mimi napiga picha za harusi, sista. Hata mama wa bibi harusi hajawahi kunifokea hivi."

"Mama wa bibi harusi hajui jicho linavyoungua na jua. Haliumi. Linaungua kimya kimya, halafu unatazama mtu huoni sura."

"Basi nisaidie nisiungue. Nipe namba yako."

Akampa. Mwanamume akifokewa asinune, nusu ya kazi imekwisha.

Simu zikaanza. "Daktari wangu, umekula?" "Mimi si daktari, Bwana Kamera." "Kwangu umezidi daktari." Jioni kijana alimfundisha muuguzi kutumia kamera. Yeye huzungusha lenzi kwa mkono hadi sura ikae sawa, haachii kamera ijilenge. "Mashine haijui nani anapendwa," alisema, na picha zake kweli zilikuwa kali, kope moja moja zikihesabika.

Walipanga kulipiga picha jua likipatwa, kutoka kwenye paa la jengo lenye studio yake. Maadamu jua linaonekana hata kwa ukucha tu, lenzi huvaa filta, kioo cheusi cha kuikinga, na macho huvaa miwani. Jua likifunikwa lote, vyote huvuliwa. Kabla halijachungulia tena, vyote hurudi.

"Nikizama kwenye kazi nasahau jina langu," alimwambia. "Shika saa wewe. Ukisema 'Rudisha', narudisha."

"Nitapiga kelele mtaa mzima usikie."

Siku ilipofika muuguzi alivaa gauni la njano na viatu vya kamba. Vivuli vilikuwa vimechongoka, upepo umepoa ghafla, na mbwa wa jirani amejikunyata chini ya tangi la maji. Jua lilikuwa limebaki kijisehemu chembamba, simu ya mpiga picha ikalia.

"Pokea, mpenzi, mikono imejaa."

Akapokea. Sauti ya kike ilicheka: "Gauni limenikaa, baba! Njoo ulione kabla sijalivua." Simu ikakatika.

"Nani huyu?"

"Nitakueleza baadaye."

"Mwanamke avae gauni akuite baba, mimi nielezwe baadaye?"

"Mpenzi, jua halitaningoja."

"Na mimi sikungoji."

Hakugeuka. Alijua mtu wake hununa, kisha hurudi. "Shika saa kwanza, nuna baadaye," alisema, jicho likiwa kwenye kamera.

Saa ilikuwa imeshaachwa juu ya ukuta wa paa. Muuguzi alikuwa anashuka ngazi, viatu mkononi. Giza lilimkuta katikati ya jengo, kwenye ngazi zisizo na taa. Huko nje mji mzima ulipiga vigelegele. Yeye, aliyelingojea jua hilo kwa miezi, aliona ukuta.

Juu, mpiga picha alivua filta na miwani. Akainua uso mtupu akalitazama duara jeusi lenye nywele za fedha. "Bado?" aliuliza. Kimya. Akadhani kimya maana yake bado. Ukingo wa duara ukalipuka mwanga, naye akaendelea kutazama, akiingojea ile sauti.

Muuguzi alipopiga simu kesho yake, ilipokewa na sauti ileile ya kike. "Amesafiri. Tafadhali usimpigie kwa sasa." Muuguzi akakata kabla hajasikia tusi jingine. Alifanya kazi kama mashine, na usiku alilala akiutazama ukuta.

Wiki mbili zilipotimia, mwenzake wa mapokezi akaja na simu amechukia. "Huyu Bwana Kamera wako alilewa? Tazama harusi ya binamu yangu!"

Muuguzi akatazama. Ukuta wa nyuma ulikuwa mkali. Sura zote zilikuwa ukungu. Akatazama tena. Mtu yule angeweza kukosa chakula, lakini si sura.

Kazi ilipoisha alikwenda studio bila kubadili sare. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye futi ya kupimia nguo shingoni.

"Wewe ndiye wa gauni?"

"Ndimi, wifi. Mimi dada yake, mshonaji. Kiuno chetu kimoja, ndiyo maana alinijaribisha mimi. Lako lile pale."

Gauni jeupe la harusi lilining'inia mbele ya pazia la picha. Pembeni aliketi mpiga picha, amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba.

Muuguzi alichukua kalamu. Alichora miraba kwenye karatasi, akatia nukta katikati, akamvua miwani. "Tazama nukta. Unaona nini?"

"Mistari ya pembeni."

"Nukta?"

"Imeliwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nilingoja sauti yako? Ungejilaumu hadi uzeeni. Nikaona afadhali unichukie."

"Mjinga." Machozi yalimtoka bila kufutwa. "Nilishuka ngazi. Nisamehe. Kesho asubuhi kliniki."

"Daktari atasema nini?"

"Huenda ikarudi kidogo, huenda isirudi. Dawa hakuna. Sitakudanganya."

Dada mtu aliita dirishani: "Njooni! Mwezi unachomoza umepatwa!"

Walipanda paani wameshikana mikono. Mwezi ulikuwa mwekundu kama chungu kipya.

"Huu hauunguzi," muuguzi alisema. "Tazama hadi uchoke."

"Nikiutazama wenyewe unapotea. Nikitazama kando, naupata."

"Na mimi?"

Akahangaika, macho yakitafuta pa kutua. "Usoni hupo. Nikitazama sikio, unarudi."

"Basi tazama sikio."

"Maisha yote?"

"Unanichumbia au unauliza?"

"Vyote viwili."

"Gauni limeshashonwa. Ulitaka nilivae kwendea sokoni?"

Siku ya harusi mpiga picha wa kukodi alikaribia kulia. "Bwana harusi, nakuomba, mtazame mkeo!"

"Namtazama," alijibu, macho ameyakaza kwenye hereni.