Taa Wengi, Taa Nyingi

Kila maji yalipokupwa asubuhi, Mwanarusi alijitwika kapu la mayai na ndimu akavuka kwa miguu kwenda Mvinjeni. Kisiwa hicho kilitazamana na kijiji chao, upande wa Msambweni, na bahari ikitoka iliacha njia ya mchanga ambayo hata mtoto aliweza kuipita. Huko kulikuwa na hoteli ndogo ya Wazungu, yenye paa la makuti, iliyozungukwa na miti ya mivinje. Jikoni walinunua samaki wa baba yake, Mzee Matano, na maagizo yote yalipitia kinywani mwa Mwanarusi: kesho leteni changu, keshokutwa leteni kamba.

Taabu ya Mwanarusi ilikuwa moja tu. Alikuwa mtoto wa ndoto. Angeweza kusimama katikati ya njia akimtazama kaa mwenye gando moja, akamtungia ukoo wake wote pamoja na harusi yake, mpaka maji yakaanza kurudi. Shangazi yake Mwanapili, aliyemlea tangu mama yake afariki, alizoea kumpungia mkono mbele ya macho.

"We Mwanarusi! Mwili uko hapa, roho umeituma wapi?"

"Nipo, shangazi."

"Upo! Nimekuita mara ngapi?"

Mwanarusi hakujua, kwa hiyo alicheka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na Desemba ya mwaka mmoja wenye hoteli walitangaza jambo geni. Mkesha wa Krismasi kungekuwa na tamasha kisiwani, na watu wa ng'ambo walialikwa wote, Waislamu na Wakristo. Kina mama wangeuza mikeka na kashata. Watoto wangeshindana mbio za magunia. Kisha, jua likitua, mvinje mmoja mrefu ungewashwa taa kuanzia chini hadi kileleni. Mwanarusi aliposikia hayo hakupata usingizi. Mti unaowaka bila kuungua! Aliuona kila alipofumba macho, na kila alipofumbua alikasirika kwamba haupo.

Siku moja kabla ya tamasha, alifika hotelini akakuta mti umekwisha kupambwa. Vigololi vya kioo, vikubwa kama machungwa, vilizunguka polepole kwa upepo. Alisogea karibu. Ndani ya kigololi aliona bahari ndogo, hoteli ndogo, na msichana mdogo mwenye kapu kichwani. Alitabasamu, na yule msichana naye akatabasamu.

Wakati huo huo Tsuma, mnyapara wa watumishi, alikuwa akisema naye. Tsuma alikuwa Mduruma kutoka upande wa Kinango, mtu mpole, mwenye kanzu nyeupe na mshipi mwekundu wa kazi kiunoni.

"Mashine ya umeme imeharibika, mwanangu, na fundi yuko Mombasa," alisema. "Mwambie mzee atukusanyie kandili na karabai za kijiji kizima. Kesho alasiri alete taa nyingi kadiri atakavyopata, za sikukuu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Hakusikia. Alichopata ni vipande tu: kesho, taa, sikukuu. Na kwa binti wa mvuvi, taa ni samaki kwanza, yule bapa kama sinia, mwenye mkia mrefu na mwiba wa sumu. Katikati ya njia ya mchanga alihisi kuna maneno yaliyompita. Alisimama, akageuka kuitazama hoteli. Lakini aliona haya kurudi kuuliza, basi akajaza pengo kwa akili yake mwenyewe na kuendelea na safari.

"Baba, hotelini wanataka taa wengi, kesho alasiri, wa sikukuu."

"Taa wengi?" Mzee Matano alishangaa. "Wazungu hawana habari na taa, siku zote. Haya, labda wameonjeshwa."

Kesho yake Mzee Matano na wenzake walivuka na matenga yaliyowalemea mabegani. Kisiwa kilikuwa kimechangamka. Ngoma zililia, watoto walianguka ndani ya magunia, na harufu ya kashata ilifika hadi ufukweni. Tsuma aliwakimbilia kwa furaha.

"Karibu, Bwana Matano! Taa ziko wapi?"

"Hawa hapa," alijibu Mzee Matano kwa fahari, akafunua majani ya mgomba.

Tsuma aliinama akaona samaki watupu. Watu walisogea kutazama, wakaangua kicheko. Mwenye hoteli, bibi wa Kizungu ambaye wote walimwita Memsabu, hakucheka hata kidogo.

"Tsuma! Mimi nataka taa ya mti. Hii nini?"

"Niliagiza taa, Memsabu."

"Nami nimeleta taa," alisema Mzee Matano, akianza kuudhika. "Mwanarusi, uliambiwaje?"

Macho yote yalimgeukia. Mwanarusi alihisi uso unamwaka moto.

"Aliniambia... taa wengi."

"Mmesikia?" baba yake alisema kwa sauti. "Mwanangu hasemi uongo. Bwana Tsuma, ulimi umekuteleza."

Memsabu aliutazama mti usio na taa hata moja, akatazama jua lililokwisha kuinama. "Watu wote nakuja kuona taa," alisema kwa hasira. "Wewe Tsuma hapana sikiliza kazi. Toa mshipi. Kazi basi."

Tsuma hakubishana. Alifungua mshipi wake mwekundu taratibu, akaukunja vizuri kama mtu anayekunja nguo ya mtoto. Mwanarusi aliutazama mshipi ule ukikunjwa. Hapo roho yake, iliyozoea kutangatanga, ilirudi mwilini kwa kishindo.

"Si yeye!" alipiga kelele. "Ni mimi! Mjomba alisema maneno mengi, mimi sikuyasikia. Nilikuwa nikitazama vioo. Hiyo 'wengi' niliitia mwenyewe. Na sasa hivi nimesema uongo, baba. Nisamehe."

Kicheko kilikatika. Mzee Matano aliinamisha kichwa, na kumwona baba yake ameaibika mbele ya watu kulimchoma Mwanarusi kuliko kupigwa. Alitamani kulia, lakini jua halingemngoja amalize.

"Mjomba, maji bado yanatoka," alisema huku akifuta macho. "Niambie tena. Neno kwa neno."

Tsuma alichuchumaa mbele yake, akamwambia tena. Mwanarusi aliyarudia maneno yote mpaka mwisho, kisha akashika njia ya mchanga mbio.

Alipita nyumba kwa nyumba akiita hodi. "Mashine ya umeme imeharibika. Mjomba Tsuma anaomba kandili na karabai, kila mwenye nayo, taa za kuwasha, si samaki!" Wazee waliobaki nyumbani walicheka, wakaziteremsha taa zao kwenye misumari. Vikongwe walioapa kwamba hawatavuka kwenda kwenye shamrashamra waliamka wakajifunga leso.

Jua lilipozama, watu wa kisiwani waliona taa zikija juu ya bahari. Moja, halafu nyingine, halafu mstari mrefu uliopindapinda. Mchanga ulikuwa na maji membamba kama kioo, kwa hiyo kila taa ilikuwa na pacha wake aliyetembea kichwa chini. Mwanarusi alikuwa mbele na kandili mkononi, asijue kama anakanyaga mchanga au mbingu.

Tsuma alipanda ngazi na kuzitundika kandili kwenye matawi, moja baada ya moja, na karabai ikafungwa juu kabisa. Watu wote wakasema, "Aaa!" Memsabu alimfunga Tsuma mshipi wake kwa mikono yake mwenyewe. "Tsuma, mimi nimekosa," alisema. "Samahani." Wale samaki nao hawakutupwa. Shangazi Mwanapili aliwapika kwa tui zito na ukwaju, na Memsabu akaongezwa sahani.

Baada ya kuswali Magharibi ufukweni, Mzee Matano aliketi na binti yake mkabala wa mti.

"Kutosikia si kosa, mwanangu," alisema. "Masikio ya kila mtu huchoka. Kosa ni kusema umesikia. Maneno ya mtu ukiyapokea ni amana, huna ruhusa ya kupunguza wala kuongeza. Umetia neno moja dogo, na mtu mwema nusura akose kazi. Lakini umesimama mbele za watu ukasema kweli, nami kwa hilo..."

Upepo ulipita kwenye mvinje. Taa zote zikayumba pamoja, na vivuli vya watu vikacheza mchangani. Mwanarusi alikuwa amekwenda nao mbali. Aliporudi, baba yake alikuwa amenyamaza, akimsubiri.

"Umenisikia?"

Jibu la zamani lilikuwa tayari ulimini. Mwanarusi alilimeza.

"La, baba. Hapo mwisho sikusikia. Tafadhali, rudia."

Mzee Matano alicheka mpaka kofia ikamlalia upande. Kisha akamvuta binti yake karibu, akaanza upya.